Achia Kwanza, Ndipo Utafute

Nyinyi mnaoingia kazini masikio yamezibwa na vidole vinakimbia kuliko macho, nimeambiwa niwaandikie, basi naandika. Mkichoka mniache, sitanuna sana. Jina langu ni Sahra, lakini katika redio yetu hapa Garissa hakuna aliyeniita hivyo. Kuanzia mlinzi wa geti hadi mkubwa wa redio, wote waliniita Eeddo, yaani shangazi, hata wale walionizidi umri. Kazi yangu ilikuwa kuchapa matangazo ya jamii: vifo, harusi, mikutano ya visima, ngamia waliopotea, na watu waliopotea. Nilianza kwenye taipureta iliyonivunja kucha, nikastaafu juzi tu nikiwa mbele ya kompyuta isiyotoa hata sauti.

Nataka kuwaambia habari za kutafuta neno ndani ya maandishi. Najua mnacheka. Mnasema huyu mama amekosa la kusema, kutafuta neno nani asiyejua? Chekeni mmalize, kisha msikilize.

Zamani uliandika neno lote, ukabonyeza kitufe, ukangoja. Siku hizi hungoji. Ukiandika N tu, mashine imesharuka kwenye N ya kwanza iliyo mbele yako. Ongeza u, imeruka tena. Ongeza r, iko kwa Nuria; endelea kidogo, umefika kwa Nurta. Inakwenda nawe herufi kwa herufi, nawe unaona neno linavyokaribia. Na kila inapofika, inalipaka lile neno rangi ya buluu. Hiyo buluu ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Ofisini kwetu maandishi yaliyopakwa buluu tuliyaita yaliyoshikwa. Ukisema "nimeshika tangazo la pili" kila mtu alielewa. Kuna programu ambazo buluu ya kutafuta ni ya kukuonyesha tu, haina neno. Kuna nyingine ambazo ukifunga kisanduku cha kutafutia, lile neno limebaki mkononi mwako, umelishika kwelikweli, na herufi yoyote utakayobonyeza italifuta na kukaa mahali pake. Usipojua programu yako ni ya aina gani, kaa nayo kwanza kwenye karatasi tupu, ujaribu. Msiijaribu kwenye kifo cha mtu.

Abdirizak, mtangazaji wetu wa asubuhi, kijana mzuri na mwenye sauti, alijifunza hilo hewani. Alitafuta neno Hagadera ili ahakikishe mkutano wa wazazi ni wa shule ya huko. Akaliona, akafunga kisanduku, akaegemeza kiwiko kwenye kibodi akinywa chai yake ya maziwa. Dakika chache baadaye akawa anasoma: "Wazazi wote mnaombwa kufika bila kukosa katika shule ya…" Mbele yake palikuwa na herufi j nyingi zimejipanga. Wallahi mtoto wa watu hakutetereka. Akasema, "katika shule inayojulikana." Simu ziliita mpaka adhuhuri. Mzee mmoja alipiga akauliza kama shule isiyojulikana wao hawana mkutano.

Hayo ni ya kucheka. Lingine silicheki, nalo linamhusu mtu aliyenifundisha kazi.

Aliitwa Bwana Mwakio, Mtaita, aliletwa huku akiwa kijana akidhani atakaa mwaka, akazeeka hapa. Kisomali chake kilikuwa salamu na bei ya maziwa. Alitutania kwa ile b yetu tunayoiweka penye p, nasi tulimtania kwa kuvaa koti katika joto la Garissa. Lakini kwa mikono yake kwenye kibodi hakuna aliyemtania.

Alinifundisha kwenye ile programu ya kwanza, ya kioo cheusi, isiyo na mausi. Huko, ukiweka alama mahali kisha ukatafuta, mshiko ulinyooka wenyewe kutoka kwenye alama mpaka mahali utafutaji ulipofika. Uliandika herufi, buluu ikarefuka. Ukafuta herufi, ikarudi nyuma. Ukighairi kabisa, ulirudi ulikoanzia na hakuna kilichoharibika. Ilikuwa raha kuitazama.

Na sisi tulikuwa na bahati moja. Matangazo yetu yote, awe Mwislamu aliyeleta au mhasibu wa kanisa, yaliishia kwa maneno yale yale: Wabillahi taufiq. Ndivyo watu wa huku wanavyofunga maneno yao, na wageni walifuata. Basi Bwana Mwakio aliweka alama kwenye kichwa cha tangazo, akatafuta "Wabi", na tangazo zima lilikuwa mkononi, tayari kunakiliwa. Alifanya hivyo siku nzima, Mkristo yule, mpaka vijana wakampa jina la Mzee Wabi. Kanuni yake ilikuwa moja: "Shika kwanza, Sahra, ndipo utafute."

Miaka ikaenda, kompyuta zikabadilishwa, programu ikabadilishwa. Matangazo yetu yote ya zamani yalikusanywa katika faili moja refu sana, tangu tulipoacha taipureta. Mimi nilijifunza upya kwa sababu nilikuwa bado nasahausahau ya zamani. Bwana Mwakio hakusahau kitu. Mikono yake ilikuwa imejaa yale ya kwanza.

Asubuhi moja akaja mwanamke anaitwa Dekha, muuza maziwa ya ngamia kutoka Hagadera, na binti yake Ifrah aliyevaa sare ya shule. Tulimkaribisha kwenye benchi. Ningezungumza naye Kisomali, lakini aliona mzee mwenye nywele nyeupe mezani akadhani ndiye mkubwa, akamgeukia kwa Kiswahili.

"Mzee, mimi natafuta maneno ya bwana yangu," alisema. "Alikuwa taniboi kwa lori ya ng'ombe. Lori ilienda Bute, ikarudi. Yeye hakurudi. Hii mtoto ilikuwa ndogo, ilikuwa inatambaa."

"Dereva aliyekuwa utingo wake alisema nini?" Bwana Mwakio akamuuliza.

"Alisema alimwacha njiani, homa imemshika, atakuja na gari ingine. Kisha dereva na yeye akahama. Watu wa soko wanasema ameoa Bute, amekimbia mimi. Sasa kadhi ameambia mimi, uliza kila mahali, na redio bia uliza. Kama hakuna maneno, leo baada ya Dhuhur atafungua mimi kwa hii ndoa, niwe mtu huru."

Alisema hivyo bila kulia. Binti yake ndiye aliyekuwa akitazama sakafu. Baadaye nilijua kuwa shuleni walimwita mtoto wa aliyekimbia, na alishapigana kwa sababu ya jina hilo. Kuna mchumba mwema aliyekuwa akimtaka Dekha, na hakuna aliyemlaumu. Lakini yeye alitaka kitu kimoja kabla hajafunguliwa: kujua kama yule mtu aliondoka kwa mapenzi yake. Kama alituma neno, hata moja, basi hakukimbia.

"Aliitwa nani?" akauliza Bwana Mwakio.

"Nur Hassan. Lakini watu wanamwita Bidaar. Hana nywele hapa." Akajigusa utosini, na mara ya kwanza akatabasamu. "Tangu kijana."

Huku kwetu watu ni wengi na majina ni machache. Ukiita Abdi sokoni wanageuka nusu ya wanaume. Ndiyo maana kila mtu ana jina la utani, la urefu wake, la meno yake, la upara wake, na halimuudhi. Kwa mtafutaji hilo ni neema kubwa. Anza na kilicho adimu. Usiandike Nur, utasimama kila mstari, andika Bidaar. Hilo mimi ndiye niliyemfundisha Bwana Mwakio, naye alilifanya vizuri.

Nilikuwa meza ya pili nachapa tangazo la kifo, nikamwona kwa pembe ya jicho. Akamuuliza msimu, kisha akaenda kwenye mwanzo wa mvua za Deyr, yaani vuli, za mwaka ule. Akashika tangazo la kwanza la msimu lote, mistari yake yote. Kisha akafungua kisanduku cha kutafutia na kuandika. Alitegemea mshiko unyooke mpaka jina litakapokuwa, kama siku zote, ili anakili kila kitu kwa mara moja.

Akangoja. Akaandika tena, polepole. Kisha akavua miwani.

"Mama," akasema, "nimetafuta. Hakuna."

Dekha akauliza, "Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa. Pole sana."

Akainuka, akamshika binti yake mkono. "Haya," alisema. "Basi alikimbia mimi." Wakatoka kwenda kwa kadhi.

Nilipotoka kuswali Dhuhur nilipata meza yangu imechukuliwa na fundi wa umeme, nikaenda kukaa kwenye kompyuta ya Bwana Mwakio, aliyekuwa nje anakula. Nilitaka kubandika tu tangazo langu la kifo. Lile faili refu lilikuwa bado wazi, na lile tangazo la kwanza la Deyr lilikuwa bado limeshikwa, buluu tupu. Pale juu kwenye kisanduku palikuwa na neno Bidaar, na kando yake alama ndogo ya tiki ambayo hakuna aliyeiweka.

Sijui kama nyinyi mmewahi kuiangalia tiki ile. Katika programu ile mpya, ukiwa umeshika mistari mingi halafu ukafungua kutafuta, mashine inadhani unataka kutafuta ndani ya ulichokishika tu. Inajiwekea tiki, inajifungia humo, haitoki nje. Bwana Mwakio aliuliza kuhusu miaka mingi, nayo ikamjibu kuhusu tangazo moja la mkutano wa kisima. Na kwa tangazo lile, jibu lilikuwa la kweli: Bidaar hayumo.

Nikabonyeza mahali patupu, buluu ikaondoka. Nikaondoa tiki. Nikarudi mwanzo wa faili, nikaanza. B, i, d. Nikatua kwenye bidii, barua ya mwalimu fulani. Nikaongeza a. Mashine ikaruka safari ndefu, kurasa zikapita mbele yangu nisiweze kuzisoma, ikasimama. Nur Hassan, anayejulikana kama Bidaar. Nikasoma mpaka mwisho. Nikasema Inna lillahi, ingawa nilikuwa sijajua bado kama amekufa.

Lilikuwa tangazo la siku za mwisho za mvua zile. Lilisomwa wakati huo, asubuhi moja, mara moja. Siku hizo mnara wetu ulikuwa mfupi, sauti haikuvuka mbali na mji, na Dekha alikuwa hajahamia Hagadera, alikuwa porini na mifugo ya baba yake. Waliolisikia walidhani limeshamfikia.

Nilimwita Bwana Mwakio. Nilikuwa nimepanga maneno, nikamwonea huruma, nikamwonyesha kioo tu. Akatazama jina. Kisha akaniuliza nimelipataje, nikamwonyesha tiki. Hakubisha wala hakutafuta wa kumlaumu. Alisema, "Nilimwambia hakuna kabisa. Nilitumia neno kabisa." Akachukua koti lake, akatoka na bodaboda katika jua lile la saa saba kwenda kwa kadhi. Sijawahi kumwona akitoka haraka vile.

Aliwakuta kwenye benchi, zamu yao ikiwa inakaribia. Aliniambia baadaye kuwa alichuchumaa mbele ya yule mama. Alimwambia, "Mama, nimekudanganya bila kujua. Alituma." Kadhi aliposikia akafunga jambo lile kwa siku hiyo, akawaambia waende wamfuatilie.

Walirudi kwetu watatu. Sikumsomea Dekha tangazo lote. Nilimpa kwa Kisomali mifupa yake tu: alikuwa Griftu, mji wa njiani, alikuwa na homa, alituma neno. Niliogopa kumpa matumaini ambayo kesho ningeyachukua tena. Tukawapigia simu wanunuzi wa mifugo wanaokwenda mnada wa Griftu, na wao wakauliza huko. Haikuchukua muda mrefu, maana upara wa kijana haukusahauliwa. Mzee mmoja wa Griftu alikuja kwenye simu mwenyewe. Alisema alimlaza kijana huyo nyumbani kwake, alituma neno redioni kwa mkono wa dereva wa gari la sukari, na hakuishi kuona mvua zikiisha. Walimwosha, wakamswalia, wakamzika vizuri. Walingoja watu wake waje. Hawakuja, wakadhani hana.

Dekha alisikiliza yote kupitia simu yangu. Akasema alhamdulillahi mara nyingi, na machozi yakawa yanatoka tu. Ifrah ndiye aliyelia kwa sauti. Nilimshika, nami nikalia, sioni aibu kuwaambia.

Hapa ndipo nataka mniwekee vidole vyenu kando. Yule mzee hakuwa mzembe. Alijua kazi yake kuliko mnavyojua zenu, na kujua huko ndiko kulikomponza, kwa sababu ardhi ilihama chini ya miguu yake na hakuna aliyemwambia. Mashine inaposema hakuna, ulizeni: hakuna wapi? Achieni mlichoshika. Tazameni kama kuna tiki. Rudini mwanzo wa faili, kwa kuwa programu nyingine hutafuta kuanzia mlipo kwenda chini tu, haziangalii mlichopita. Na kabla hamjamtafuta mnayemtaka, tafuteni kwanza mnayejua yupo. Mimi huandika Abdi. Faili la watu wetu likiniambia halina Abdi, najua tatizo liko kwangu, si kwa watu. Baada ya hapo ndipo unaweza kumtazama mtu usoni ukamwambia hakuna, na hata hapo, msitumie kabisa.

Bwana Mwakio alitaka kuacha kazi jioni ile ile. Alisema mikono yake haiaminiki tena. Dekha alikuwa bado kwenye benchi, amekwishanawa uso, akawa anatusikia.

"Mzee," alimwita. "Njoo hapa."

Akaenda.

"Hayo maneno ilisomwa mara moja, mimi sikusikia. Mtoto yangu hakusikia. Watu wa soko hawakusikia, ndiyo maana wanasema amekimbia. Nataka isomwe tena leo, wote wasikie."

"Itasomwa," Bwana Mwakio akasema. "Abdirizak ana sauti nzuri, atakusomea."

"Hapana. Wewe ndiyo uliniambia hakuna. Wewe ndiyo utasema iko."

Hakuwa mtangazaji. Hakuwahi kuingia studio ila kupeleka karatasi. Lakini aliingia, na koti lake, na Abdirizak akampisha kiti. Sisi wanawake tulibaki mezani kwangu na kiredio kidogo, Dekha katikati, Ifrah amemlalia begani. Kufikia siku hiyo mnara ulishakuwa mrefu na sauti ilifika Hagadera na kupita.

Tukamsikia akikohoa. Kisha akasoma polepole, kwa Kiswahili chake cha milimani.

"Nur Hassan, anayejulikana kama Bidaar, yuko Griftu kwa watu wema. Homa ilimshusha kwenye lori. Anawaomba wanaomfahamu wamfikishie mke wake maneno haya. Mama Ifrah, assalamu alaykum. Sikupotea, nimechelewa tu. Wabillahi taufiq."

Dekha aliinama karibu na kile kiredio, akaweka mkono wake juu yake.

"Wa alaykum salaam, Nur," akaitika.